Pointi Saba za Huku na Pointi Saba za Kule



Mhariri wa jarida letu aliponiandikia kuniomba makala ya historia, nadhani alitazamia nieleze habari za mabweni ya zamani, uji wa asubuhi, na kengele ya saa kumi na moja alfajiri. Hayo wenzangu wameyaeleza katika matoleo yaliyopita, tena kwa ufundi kunishinda mimi. Kwa hiyo nimeona niandike historia ya kitu ambacho kila aliyepita katika shule yetu alikwenda nacho nyumbani, lakini ni wachache waliokaa wakajiuliza kinasema nini na kinamwambia nani. Kitu hicho ni cheti.

Nitaeleza jinsi vyeti vya Afrika Mashariki vilivyokuwa vya namna moja, jinsi vilivyoachana, na jinsi nchi zetu zinavyojaribu leo kuvipatanisha kwa mfumo wa pamoja wa ngazi za elimu. Nitakiri pia kosa moja nililolitenda mwenyewe, kwa sababu bila kosa hilo nisingeijua historia hii, wala nisingejali kuijua.

Sanduku la Marehemu Baba

Marehemu baba yetu hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini vyeti vya watoto wake alivitunza katika sanduku la bati chini ya kitanda. Alipofariki, sanduku likaja kwangu. Ndani mna vyeti vya ndugu watatu, wote wanaume, wote tumesoma shule hii hii moja. Ajabu ni kwamba vyeti vya kidato cha nne vya ndugu hao watatu vina wakubwa watatu tofauti.

Cheti cha kaka yangu mkubwa ni cha mwaka 1961, kimetolewa na Baraza la Mitihani la Cambridge. Baraza hilo lilianza kutahini wanafunzi wa Uingereza mwaka 1858, kisha likaeneza mitihani yake katika makoloni. Karatasi za majibu zilifungwa zikapelekwa Uingereza kusahihishwa, na wanafunzi wakakaa miezi wakingoja majibu. Alama zilikuwa namba: moja na mbili zilikuwa bora kabisa, tatu hadi sita nzuri, saba na nane kupita tu, na tisa kuanguka. Aliyeanguka Kiingereza alikosa cheti, hata angekuwa moto wa kuotea mbali katika hesabu.

Cheti changu ni cha mwaka 1969. Hiki kina wakubwa wawili, Cambridge na Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Baraza hilo liliundwa mwaka 1967, na kuanzia 1968 hadi 1971 wanafunzi wa Tanzania walifanya mitihani iliyoendeshwa na mabaraza hayo mawili kwa pamoja.

Cheti cha mdogo wetu ni cha mwaka 1973, na kina mkubwa mmoja tu, ambaye ni Tanzania yenyewe. Nchi yetu ilijitoa katika Baraza la Afrika Mashariki mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria namba 21 ya mwaka 1973.

Tazameni basi. Shule moja, madarasa yale yale, hata baadhi ya walimu ni wale wale. Lakini kwa miaka 12 cheti kilibadilika mara mbili. Baba, ambaye hakuwa na cheti, aliwahi kuniuliza kwa nini picha za juu hazifanani ilhali sote tulisoma kwa mwalimu mmoja. Nilicheka. Leo naona swali lake lilikuwa la maana kuliko kicheko changu.

Wakati wa Kipimo Kimoja

Katika zama za kaka yangu hakuna aliyeumiza kichwa kulinganisha vyeti. Mwanafunzi wa Tabora, wa Kampala na wa Nairobi walijibu mtihani wa Cambridge, na anayesoma cheti alijua maana yake mara moja. Kwa upande wa vyuo ilikuwa hivyo hivyo. Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, iliingia mwaka 1949 katika uhusiano maalum na Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wake wakawa wanapata shahada za London wakiwa Kampala. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961 kwa kitivo cha sheria, nacho kilianza chini ya London.

Mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliungana vikawa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na Mwalimu Nyerere akawa Mkuu wake. Kazi ziligawanywa: anayetaka udaktari wa binadamu aende Makerere, anayetaka uhandisi aende Nairobi, anayetaka sheria aje Dar es Salaam. Kaka yangu alikwenda Nairobi akasomea uhandisi, akarudi mwaka 1967 na shahada ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Siku ile baba alichinja mbuzi.

Vijana mlioko shuleni msije mkadhani ninaililia Cambridge. Mfano mzuri ni shilingi. Hadi mwaka 1966 nchi zetu zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki, kisha kila nchi ikatoa yake. Shilingi ya zamani ilikuwa rahisi kwa msafiri, lakini aliyeitawala alikuwa mkoloni. Na kipimo cha Cambridge kilikuwa rahisi kwa msomaji wa cheti, lakini aliyeamua kijana wa Kiafrika ajue nini alikuwa amekaa ng'ambo. Mwalimu alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 aliuliza elimu yetu ni ya kumtumikia nani. Kuwa na mtihani wetu wenyewe kulikuwa sehemu ya jibu, na mimi niliunga mkono wakati ule na ninaunga mkono leo.

Lakini kila uhuru una kazi yake. Tulipoacha kipimo cha mwingine, tulipaswa kuwaeleza jirani zetu kipimo chetu kinapima nini. Kazi hiyo hatukuifanya kwa miaka mingi.

Njia Zinaachana

Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa mwaka 1970, vikazaliwa vyuo vikuu vitatu. Jumuiya yenyewe ikafa mwaka 1977, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983. Kenya ikaunda Baraza lake la Mitihani mwaka 1980, na Uganda mwaka 1983. Kipimo kimoja kikawa vitatu.

Mambo yaliyopimwa nayo yalibadilika. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilisema kwamba kufaulu mtihani wa kidato cha sita peke yake hakutoshi kumwingiza mtu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ilimpasa kwanza afanye kazi, na mwajiri pamoja na tawi la chama waseme tabia yake. Mdogo wetu, aliyemaliza kidato cha sita mwaka 1975, alikutana na Azimio hilo uso kwa uso. Alifanya kazi katika kinu cha kuchambua pamba kabla ya kukanyaga chuo. Kwetu ilieleweka. Lakini mgeni wa nchi nyingine angejuaje kwamba pengo la miaka katika maelezo ya kijana huyu halikuwa uvivu, bali lilikuwa sharti la nchi?

Kenya nayo ikaleta mabadiliko makubwa mwaka 1985. Iliacha mpango wa miaka saba ya msingi, minne ya sekondari, miwili ya kidato cha tano na sita, na mitatu ya chuo kikuu, ikafuata mpango wa 8-4-4: minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu. Mtihani wa kwanza wa sekondari chini ya mpango huo ulifanyika mwaka 1989. Kuanzia hapo kijana wa Kenya hakuwa tena na kidato cha sita. Tanzania na Uganda ziliendelea nacho.

Sasa chukueni kalamu mjumlishe. Saba na nne na mbili na tatu ni 16. Nane na nne na nne ni 16. Safari ya kufikia shahada ilikuwa na urefu ule ule, ila vituo viliwekwa mahali tofauti. Naomba mshike jambo hili, kwa maana hapo ndipo nilipokosea.

Cheti cha Chuo Kilichokufa

Kabla ya kosa langu, nieleze lililompata kaka. Mwaka 1983 aliomba kazi ya uhandisi katika nchi moja ya kusini. Alipeleka shahada yake ya mwaka 1967. Karani wa ofisi ile alifungua kitabu chake cha vyuo vikuu, akatafuta Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, asikione. Akamwandikia kaka barua ya adabu kabisa, akimwomba athibitishe kwamba chuo hicho kipo.

Angethibitishaje? Chuo hakikuwapo. Kilikufa miaka 13 nyuma. Kaka alisafiri hadi Nairobi kutafuta barua ya kueleza kwamba chuo alichosoma kilikuwa tawi la kile kilichokufa, na kwamba shahada zake ni halali. Barua ilipofika kule kusini nafasi ilikuwa imekwisha kupewa mwingine. Hakulalamika sana, maana alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema tu, "Nilidhani nina shahada, kumbe nilikuwa na barua, na aliyeiandika amefariki."

Na kumbe miaka miwili tu kabla ya hapo, tarehe 5 Desemba 1981, wajumbe wa nchi za Afrika walikutana Arusha chini ya UNESCO, wakapitisha mkataba wa kutambuliana masomo, vyeti na shahada za elimu ya juu. Mkataba huo ulichukua jina la mji wetu. Ulikuwa mwanzo mwema. Lakini mkataba husema nchi zitambuliane, hauwi kamusi ya kumwambia karani kwamba karatasi hii ya huku ni sawa na karatasi ile ya kule. Karani wa kaka alihitaji kamusi.

Kosa Langu

Baada ya kumaliza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nilifanya kazi ya ualimu, na hatimaye nikawa mkufunzi katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Mwaka 1998 nilikuwa mjumbe wa kamati ya kuchagua wanafunzi wa stashahada. Sharti letu lilikuwa kidato cha sita.

Miongoni mwa maombi lilikuwamo la binti mmoja. Baba yake alikuwa Mkenya wa Taveta, mama yake Mtanzania wa Moshi. Baba alipofariki, mama alivuka na watoto Holili akarudi kwao. Binti alikuwa na cheti cha sekondari cha Kenya, na barua ya mkuu wa shule yake iliyosema kwamba amepata wastani wa pointi saba.

Mjumbe mmoja aliposikia pointi saba aliruka kwenye kiti. "Pointi saba! Huyu si wa kwanza kitaifa?" Maana kwetu, katika mtihani wa kidato cha nne, alama A ni pointi moja, na masomo saba bora ndiyo yanayohesabiwa. Mwenye pointi saba amepata A saba, na hakuna awezaye kumshinda. Kadiri pointi zinavyopungua ndivyo mtu anavyofaulu.

Mjumbe wa pili, aliyewahi kukaa Nairobi, akamtuliza. Kenya huhesabu kinyume. Kule A ni pointi 12 na E ni pointi moja. Wastani wa pointi saba ni C ya kujumlisha, yaani kiwango cha chini kabisa ambacho mtu anaweza kukifikiria chuo kikuu. Si mbaya, wala si maajabu.

Ndipo mimi nikauliza swali nililoliona la busara: "Na kidato cha sita kiko wapi?" Kilikuwa hakipo. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika pembeni ya ombi lake, "Hana sifa." Tukaendelea na jalada linalofuata.

Kwa muda usiozidi dakika tano yule binti alikuwa wa kwanza kitaifa, akawa wa kawaida, kisha akawa si kitu. Yeye mwenyewe hakuwa amebadilika hata kidogo. Na sisi sote, watu wazima wenye shahada, hatukuuliza swali moja lililostahili kuulizwa: anajua nini?

Binti alirudi mwaka 2001 akiwa na kidato cha sita. Alikuwa amekaa miaka miwili darasani na watoto aliowazidi umri, katika shule ya kulipia. Nilimtambua kwa jina la ukoo. Siku moja baada ya kipindi alinisalimu, nami nikamwuliza kama ndiye yule wa mwaka 1998. Akasema, "Ndiye mimi, Mwalimu." Nikamwuliza ilikuwaje. Akajibu kwa upole kwamba mama aliuza ng'ombe wawili, mmoja kwa kila mwaka. Kisha akaniomba radhi, ati asije akaonekana ananilaumu.

Usiku ule sikulala vizuri. Juma lililofuata nilitafuta mihtasari ya Kenya na ya Tanzania ya masomo yake mawili, Kiswahili na Jiografia, nikaiweka sambamba mezani. Sikuona kwamba alikuwa amestahili kuingia moja kwa moja, maana zilikuwapo mada za kidato cha tano na sita ambazo hakuwa amezigusa. Lakini nyingine alikuwa amekwisha kuzisoma. Hata tungehesabu miaka tu, minane na minne ni 12, nasi tulidai saba na nne na mbili, yaani 13. Alipungukiwa mwaka mmoja, nasi tukamtoza miwili na ng'ombe wawili. Haki ilikuwa katikati: angepewa kozi fupi ya kuziba pengo. Katikati hapo ndipo tusipopaona, kwa sababu hatukuwa na kipimo cha kutuonyesha.

Mfumo wa Ngazi Hufanyaje Kazi?

Tangu hapo nimeufuatilia mfumo wa ngazi za elimu kama wengine wanavyofuatilia mpira. Nitaueleza kwa lugha nyepesi.

Mawazo haya yalishika kasi katika miaka ya 1990. New Zealand ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza. Afrika Kusini ilipitisha sheria yake mwaka 1995, mara baada ya ubaguzi kuanguka. Kule elimu iligawanywa kwa rangi, na serikali mpya ilitaka ngazi moja ambayo kila mwananchi angeweza kuonyesha amefika wapi, hata kama alijifunzia kazini. Ulaya nayo ilipitisha mfumo wake mwezi Aprili 2008, wenye ngazi nane.

Msingi wake ni huu. Badala ya kuuliza mtu alikaa darasani miaka mingapi au alitahiniwa na nani, mfumo huuliza: mwenye cheti hiki anatazamiwa kujua nini, kuweza kufanya nini, na kuaminiwa na kazi gani bila kusimamiwa? Majibu hupangwa kutoka ngazi ya chini hadi ya juu. Kisha kila nchi huvichukua vyeti vyake na kusema hiki kinakaa ngazi hii, na kile ngazi ile, na kuwaonyesha wengine ushahidi wake.

Faida yake ni ya hesabu pia. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyofufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, leo ina nchi nane. Kama kila nchi ingepatana na kila nyingine kuhusu vyeti, yangehitajika mapatano 28. Lakini pakiwapo ngazi ya pamoja, kila nchi hujilinganisha na ngazi hiyo mara moja tu, na kazi zinakuwa nane. Hakuna anayelazimishwa kuacha mtihani wake. Shilingi zinabaki za kila nchi, ila sasa thamani ya kubadilishia imebandikwa ukutani.

Nchi zetu zimepiga hatua. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1980 huku Jumuiya ikiwa imekufa, liliendelea kuwakutanisha wasomi wetu wakati viongozi hawakutani. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, iliahidi katika kifungu cha 11 kwamba nchi zitatambuliana sifa za elimu na za taaluma. Mwaka 2015 ukapitishwa mfumo wa Afrika Mashariki wa sifa za elimu ya juu, wenye ngazi nane, na tarehe 20 Mei 2017 wakuu wa nchi walitangaza eneo moja la elimu ya juu. Kwa Afrika nzima, mkataba wa Arusha ulifuatiwa na mkataba mpya wa Addis Ababa wa mwaka 2014, uliopata nguvu Desemba 2019. Na kwa dunia nzima, mkataba wa UNESCO wa Novemba 2019 ulianza kutumika Machi 2023. Huu unampa mwombaji haki ya kuangaliwa kwa usawa na kwa uwazi, na unaitaka nchi inayokataa cheti chake ionyeshe tofauti ya msingi iliyopo. Neno "hana sifa" lililoandikwa kwa kalamu nyekundu halitoshi.

Mitego ya Majina na Namba

Lakini nawaonya vijana msiifanye namba kuwa mungu. Shahada ya kwanza hapa Tanzania iko ngazi ya nane. Kenya iko ya saba. Katika mfumo wa Ulaya iko ya sita. Scotland, yenye ngazi 12, huiweka ya tisa au ya kumi. Anayetazama namba tupu atasema Mskoti ametupita sote. La hasha, ngazi zao ni nyingi zaidi, basi.

Hesabu za masomo nazo zina mtego. Hapa mwaka mmoja wa chuo kikuu ni krediti 120, na Ulaya ni krediti 60. Mwenye 360 wa Dar es Salaam na mwenye 180 wa Ulaya wote wamesoma miaka mitatu. Krediti moja hapa ni saa 10 za kazi, na kule ni saa 25 hadi 30.

Majina ndiyo hatari zaidi. Ndugu zetu wa Kongo, ambao elimu yao imerithi mila ya Ubelgiji, wanayo Diploma ya Taifa. Mtanzania akisikia diploma hufikiri stashahada ya chuo. Kumbe ile ni cheti cha kumaliza sekondari, ndiyo hufungua mlango wa chuo kikuu. Kongo iliingia katika Jumuiya mwaka 2022, na kila karani wa mipakani anapaswa kuyajua haya kabla ya kumvisha mtu kilemba kisicho chake, au kumvua kilicho chake.

Tena msihesabu miaka tu. Kenya ilianza mwaka 2017 kuacha 8-4-4 na kufuata mpango wa 2-6-3-3-3, na mtihani wa mwisho wa darasa la nane ulifanyika 2023. Tanzania nayo, kwa sera yake mpya, inakwenda kwenye miaka sita ya elimu ya msingi. Vituo vinahamishwa tena kote kuwili. Anayejua kuhesabu vituo tu atapotea.

Neno la Mwisho

Kwa wanafunzi mlioko shuleni sasa nina machache. Tunzeni vyeti vyenu. Mkimaliza chuo, ombeni orodha kamili ya masomo na alama, na wekeni nakala ya muhtasari wa mliyojifunza, maana siku moja mtu asiyewajua atauliza. Mwenye cheti cha sekondari cha nje hupata ulinganisho kwa Baraza la Mitihani, na mwenye shahada ya nje huenda kwa Tume ya Vyuo Vikuu. Nendeni mapema, si wiki ya mwisho. Ila msisahau kwamba cheti ni barua tu. Ikifunguliwa, mnapaswa kuwapo ndani yake.

Kwa wenzangu wa zamani, ambao wengi wenu mmekalia viti vya kuamua, ombi langu ni moja. Mfumo wa ngazi ni karatasi, na hauwezi kumpokea mtu mlangoni. Anayempokea au kumrudisha ni mtu mwenye kalamu. Kabla ya kuandika lile neno nililoliandika mimi mwaka 1998, ulizeni swali la baba yangu: kwa nini picha za juu hazifanani? Kisha ulizeni lile ambalo sikuliuliza mimi: anajua nini?

Yule binti leo ni mwalimu mkuu wa shule ya sekondari. Mwaka juzi alinipigia simu kuniuliza kuhusu kijana aliyehamia kwake kutoka Uganda, ambaye karatasi zake hakuzielewa. Nilimwuliza amefanyaje. Akasema, "Nimemkalisha kwanza, Mwalimu. Nimempa chai, nikamwambia aniletee madaftari yake."

Nilisema vema, nikaweka simu chini. Kisha nilikwenda kulifungua sanduku la bati.